Ukurasa wa Chiriku

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ilinikuta langoni, nikaingia chuoni viatu mkononi. Kumbe ndivyo inavyotakiwa: maabara ya kompyuta haiingiwi na viatu. Mlangoni kuna rafu ya mbao, na ukitazama vilivyopangwa pale unalijua darasa zima. Raba za vijana waliomaliza shule juzi, sendo za wasichana, na jozi moja ya moka zilizong'arishwa mpaka zinaaibisha nyingine. Mwenye moka ni mtu wa makamo kama mimi, au kunizidi. Ni fundi wa saa. Anasema watu siku hizi wanatazama saa kwenye simu, na yeye hana nia ya kufa njaa akiwa na mikono mizima. Kompyuta hazitoshi, kwa hiyo tumepangwa wawili wawili, na wazee tukawekwa pamoja.

Mwalimu ni mwembamba, mkavu kama chaki. Alituambia kompyuta haina huruma: ukisahau nuktamkato mwisho wa mstari, haikuelewi na wala haikuombi radhi. Kabla ya mapumziko vijana walikwishambatiza jina, Nuktamkato.

Aliuliza kila mtu kilichomleta. Nilisema nilikuwa mfumaji katika karakana ya masweta, nikaugua kifua, nikapona, na daktari akanikataza vumbi la nyuzi. Sikusema zaidi. Humu ndani hamna vumbi hata la kutia jicho.

Jumatano, 6 Machi

Kufungua, kuhifadhi, kufunga. Vijana walisinzia. Mimi nilitoka jasho.

Jumapili, 10 Machi

Jumapili ni siku ya simu.

Mwanangu anaishi mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi, kwa wifi yangu, dada wa aliyekuwa mume wangu. Walimpeleka huko nilipolazwa kwa kifua kikuu, kwa sababu watoto hawakuruhusiwa wodini. Ndoa ilikwisha nikiwa bado kitandani. Baba yake anaendesha malori ya masafa marefu, leo yuko huku kesho kule. Nilipotoka hospitali sikuwa na kazi wala nguvu, na wifi akaniambia mtoto ameshazoea shule, tusimng'oeng'oe kama mche. Niliona ana haki, nikakubali. Nilikwenda kumwona mwaka jana wakati wa likizo, nikaambiwa baba yake amemchukua safari. Nikalala usiku mmoja kwenye kitanda chake, nikarudi.

Leo wifi alipokea kama kawaida, akanijulia hali, akamjulia hali mama yangu ninayeishi naye. Nilipomwomba mtoto akasema amelala.

Amelala, saa kumi alasiri. Mtoto ambaye kulazwa mchana kwake kulikuwa adhabu. Tulimwita Chiriku kwa sababu alikuwa akiongea hata na kijiko cha uji, akikiuliza kama kimeungua.

Ijumaa, 15 Machi

Leo Mwalimu Nuktamkato ameanza somo la kanzidata. Kanzi, alisema, ni hazina, na kanzidata ni hazina ya taarifa iliyopangwa ili kila kitu kipatikane kinapoulizwa. Ndani yake mna majedwali, ndani ya jedwali mna mistari, na kila mstari una namba yake isiyofanana na nyingine, kwa kuwa watu wawili wanaweza kuwa na jina moja lakini hawawezi kuwa mtu mmoja. Niliandika hayo kwa haraka. Anafundisha vizuri kuliko anavyochangamka.

Kila mwanafunzi atatengeneza ukurasa wake wa mtandao wenye jedwali nyuma yake. Vijana wamechagua mpira na simu. Fundi Saa amechagua saa za wateja walioleta na hawakurudi. Mimi nilisema nataka ukurasa wa mtoto: hadithi, picha, na chini mahali pa yeye kuandika. Mwalimu akauliza watumiaji watakuwa wangapi. Nikasema mmoja. Darasa likaangua kicheko.

Mwalimu hakucheka. Alisema mtumiaji mmoja naye ni mtumiaji, akageukia ubao.

Alhamisi, 21 Machi

Umeme umekatika. Kazi ya asubuhi yote imekwenda na maji.

Jumapili, 24 Machi

Yuko kwenye masomo ya ziada. Jumapili.

Jumanne, 26 Machi

Mtandao ulisumbua kutwa. Fundi Saa aliuliza kama simu yangu imepata wifi. Nikamwambia mimi wifi ninaye mmoja tu, naye hapatikani. Alicheka mpaka Mwalimu akatutazama. Sikuwa natania sana.

Jumanne, 2 Aprili

Ukurasa umepanda! Mwalimu ameuweka kwenye kompyuta kuu ya chuo, na mtu yeyote mwenye anwani anaweza kuufungua popote alipo. Juu nimeandika CHIRIKU kwa rangi ya chungwa. Kuna hadithi ya sungura aliyepoteza mkia, ambayo alikuwa akiniambia niirudie mpaka sauti inakauka, na picha ya paka wa bibi yake amekaa kwenye karai. Chini kuna visanduku viwili, Jina na Ujumbe, na kitufe cha Tuma. Akibonyeza, maneno yake yanaingia moja kwa moja kwenye jedwali langu, mstari mpya.

Jioni nilimpigia wifi nikamtajia anwani herufi kwa herufi. Aliiandika, nilisikia kalamu. Akasema atampa, shuleni kwao wana kompyuta. Sauti yake ilikuwa nzito, nikahisi anafanya ili niondoke masikioni mwake.

Jumatano, 3 Aprili

Jedwali tupu.

Ijumaa, 5 Aprili

Tupu.

Jumatatu, 8 Aprili

Tupu. Mvua imevunja daraja la waenda kwa miguu, nimezunguka kwa barabara kuu. Jana mtoto alikuwa anaoga.

Jumanne, 9 Aprili

Mwalimu ametufundisha tofauti ya sifuri na tupu. Alichora mistari miwili ubaoni, kila mmoja wa mtu wake. Huyu, alisema, ameulizwa ana watoto wangapi, akajibu sifuri. Huyu wa pili hajajibu. Kompyuta haijui kama anao kumi au hana hata mmoja. Inachojua ni kwamba jibu halijafika. Msichukue tupu mkaisoma kama hapana, ndilo kosa la wanaoanza.

Nilitoka nje kidogo nikajifanya naenda kunywa maji.

Nyumbani nilimweleza mama. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho. Akasema yeye hajui mambo ya kompyuta ila anajua kwamba mtoto anayeitwa na mama yake haogi kila Jumapili. Alikuwa amekwishaamua kwamba wifi ndiye anayemzuia, na mimi nikaamua naye. Tulimsema wifi mpaka wali ukaungua.

Jumatano, 17 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Jana sikwenda chuoni, ilikuwa zamu yangu ya kupimwa kifua. Leo niliingia, nikafungua jedwali kwa mazoea, kama mtu anavyojaribu kitasa cha mlango anaojua umefungwa. Kulikuwa na mstari.

Jina: Chiriku. Ujumbe: Mama nakupenda sana. Nakukumbuka.

Nililia hadharani, mbele ya vijana wote. Msichana wa kompyuta ya mbele alinishika bega. Hata Mwalimu alikuja, akasoma, akasafisha miwani yake, akasema mfumo unafanya kazi. Fundi Saa alikuwa anatazama vidole vyake.

Nilinakili maneno yale kwenye karatasi nikampelekea mama. Aliishika karatasi juu chini, hasomi, akaibusu. Sijapata usingizi wa mchana mtamu kama wa leo tangu nitoke hospitali.

Jumapili, 21 Aprili

Nilimpigia wifi kumshukuru. Akauliza ninamshukuru kwa nini. Nikasema kwa mtoto kuniandikia. Akasema, "Ah, sawa." Mtoto alikuwa ametumwa dukani.

Jumatatu, 22 Aprili

Leo somo lilikuwa kuongeza safu kwenye jedwali: kila ujumbe uoneshe siku, saa, na namba ya kompyuta ulikotoka. Mwalimu alisema taarifa hizo hunakiliwa tangu mwanzo kwenye kompyuta kuu hata kama hatuzioni, tukaziita zije. Zikaja.

Mstari wangu uliandikwa Jumanne, asubuhi, wakati nimekaa kwenye benchi la kliniki nasubiri kuitwa. Namba ya kompyuta ilikuwa imebandikwa mbele ya macho yangu kwa karatasi ya manjano. Ni hii hii yetu. Maneno yale yalichapwa kwenye kibodi niliyokuwa nimeiwekea mikono.

Nilimgeukia Fundi Saa. Hakunikwepa. Alisema kwa sauti ya chini, "Dada, nilikuwa nakuona kila asubuhi unafungua, unafunga. Nilidhani nakupa funda la maji mpaka ufike kisimani."

Nikamwambia, "Umenipa kiu."

Nilikusanya vitu vyangu nikatoka peku, viatu nikavikumbuka nikiwa langoni. Mama hata sikumwambia. Ile karatasi ameiweka chini ya mto wake.

Ijumaa, 26 Aprili

Nimeufuta mstari ule. Kompyuta iliuliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo.

Ijumaa, 3 Mei

Hatuzungumzi. Yeye akichapa mimi natazama dirisha, mimi nikichapa yeye anatazama dari. Anaacha pipi ya kifua upande wangu wa meza, mimi naiacha pale pale. Mwalimu ameona, maana mambo mengi anayaona, lakini kazi yake ni kusahihisha msimbo wa kompyuta.

Nimetengeneza jedwali la pili linalonakili kila mara ukurasa unapofunguliwa, hata kama mtu hakuandika kitu. Nilitaka tu kupata alama.

Ijumaa, 10 Mei

Nimeziita kumbukumbu za tangu mwanzo kutoka kompyuta kuu: kuna mtu amekuwa akiufungua ukurasa wangu kila Alhamisi mchana. Namba si ya hapa chuoni, nimehakikisha mara mbili, safari hii sidanganyiki. Jana alikaa muda mrefu, akafungua hadithi ya sungura, akarudi kwenye paka, akafunga. Hakuandika.

Nilihisi kama mtu anayesikia nyayo nje ya mlango, zinasimama, kisha zinaondoka.

Jumapili, 12 Mei

Nimeandika na kufuta mara nyingi. Nijikaze.

Nilimpigia wifi nikiwa nimejiandaa kwa vita. Alipofungua mdomo kusema mtoto amekwenda kwa rafiki yake, nilimwambia basi yatosha. Nilimwambia aniambie kwa ulimi wake kwamba hataki mtoto aongee na mimi, nijue moja. Nilisema maneno mengine ambayo mtu humwambia wifi mara moja tu maishani. Yeye alisikiliza mpaka nikaishiwa.

Kisha akasema, "Wifi, hajalala. Hajawahi kulala. Kila ukipiga anakaa hapa, karibu yangu, anatikisa kichwa."

Nikaibana simu sikioni.

Akaendelea taratibu, kama anayetoa mwiba. Siku ile niliyokwenda mwaka jana mtoto hakuwa na baba yake. Alikuwa nyumba ya jirani, amejifungia, amekataa kutoka mpaka niondoke. Wifi aliona bora nimchukie yeye kuliko nijue. Alisema, "Mimi nimezoea kuchukiwa, nina wifi watatu." Akajaribu kucheka, sauti ikakatika.

Nilimuuliza mtoto ana hasira gani na mimi. Akasema nilipolazwa, kaka yake, yaani baba wa mtoto, aliwaambia wote wamwambie mtoto kwamba nimesafiri. Hakutaka asikie neno ugonjwa. Naye mtoto alisubiri. Alihesabu sikukuu na siku zake za kuzaliwa. Mwisho aliamua kwamba mtu anayesafiri hivyo, bila kuaga na bila kurudi, amependa kule alikokwenda.

"Nimetaka kumwambia mara nyingi," wifi alisema. "Nikaona si kinywa changu."

Nilimuuliza kuhusu Alhamisi. Alhamisi, alisema, ndiyo siku ya kompyuta shuleni kwao. Mwalimu wao amemweleza kwamba mtoto akimaliza zoezi hufungua ukurasa mmoja wa rangi ya chungwa, na mwenzake akisogea anaufunika kwa mkono.

Nimekaa uani mpaka matone yamenilowesha mabega. Mama alikuja na kanga, akanifunika, nikamweleza yote pamoja na habari ya Fundi Saa. Alikwenda ndani, akaitoa karatasi chini ya mto, akaichana. Akasema mficha maradhi kilio humfichua, na cha ajabu ni kwamba maradhi ameficha mwingine na kilio kimetuangukia sisi. Kisha akasema tulimkosea wifi. Mama si mtu wa kusema hivyo.

Jumatatu, 13 Mei

Leo nilimsalimia Fundi Saa. Alishtuka mpaka akaangusha miwani. Nikamwambia nahitaji ukurasa wa pili na sijui niuanze vipi. Hakuuliza. Alivuta kiti.

Sungura nimemwacha ukurasa wa kwanza. Kwenye ukurasa mpya hakuna rangi wala picha. Nilichapa mimi, yeye akawa ananiambia pale nilipoacha tagi, ile alama ya msimbo, bila kuifunga. Nimeandika hivi:

"Chiriku, sikusafiri. Niliugua kifua, nikalala hospitali, na watoto hawakuruhusiwa kuingia. Dirisha langu lilitazama geti, nilikuwa najua sauti ya kila mtoto anayepita nje. Watu wazima waliogopa utaogopa, ndiyo maana wakasema safari. Usiwachukie. Nilipotoka nilikuwa dhaifu, na shangazi yako alikulea vizuri kuliko nilivyoweza wakati ule. Sikuwahi kupenda mahali pasipo na wewe. Kama una hasira, kaa nayo mpaka uimalize. Mimi nipo."

Fundi Saa alisoma hadi mwisho. Alisema mstari wa tatu nimekosea tahajia, akaurekebisha, akatoka nje kwa muda.

Alhamisi, 16 Mei

Ukurasa umefunguliwa. Ule wa pili pia. Jedwali tupu.

Ijumaa, 17 Mei

Nimeila ile pipi ya kifua.

Alhamisi, 23 Mei

Umefunguliwa mara tatu. Tupu.

Jumapili, 26 Mei

Leo nilimpigia wifi bila kumwomba mtoto. Tuliongea mambo yetu: mgongo wake, bei za vitu, kaka yake anavyorudi na nguo chafu kama shehena. Ni mtu wa kuchekesha, nilikuwa nimesahau. Kabla ya kukata alisema mtoto yuko pale pale, amesogeza kigoda. Nikasema msalimie.

Alhamisi, 30 Mei

Mvua imepungua, jua limetoka saa ya mapumziko. Sikutaka kufungua jedwali. Fundi Saa alisema yeye hagusi, amekoma, akainua mikono yote miwili juu kama mtu aliyeshikwa na polisi. Nikafungua.

Jina: mimi. Ujumbe: Umepona kabisa au kidogo?

Nilihakiki namba, siku, saa. Ya Alhamisi, ya kule. Fundi Saa alihakiki. Mwalimu aliitwa akahakiki naye, akasimama nyuma yetu, na kwa mara ya kwanza tangu Machi nikaona meno yake.

Sikulia. Nilitazama alama ile ya kuuliza. Aliitafuta kwenye kibodi, akaipata, akaiweka mahali pake.

Ijumaa, 31 Mei

Nimemjibu kwenye ukurasa: "Kabisa. Daktari alinipima Aprili akasema kifua ni safi. Likizo njoo na shangazi, ukitaka. Usipotaka, nitangoja."

Neno "usipotaka" lilinichukua asubuhi nzima.

Jumatano, 12 Juni

Mtihani. Nilisahau nuktamkato moja, nikaikumbuka mlangoni, nikaomba kurudi. Mwalimu akasema muda umekwisha, mama. Ila amesema ukurasa wangu hautaondolewa kwenye kompyuta kuu muhula ukiisha, na kwamba masjala ya kliniki inatafuta mtu wa kuingiza taarifa za wagonjwa, ametaja jina langu. Alisema hayo akiwa anafuta ubao, ananipa mgongo.

Jumamosi, 15 Juni

Wamekuja.

Nilikuwa nimejiandaa kwa mtoto niliyemwacha, nikamtafuta huyo mdogo kwa macho katika kundi la abiria kituoni, nikampita wa kweli. Aliyeshuka nyuma ya wifi ni msichana mrefu, shingo ya baba yake, nywele zimesukwa kwa mistari. Alisimama mbali kidogo, akanipa mkono. "Shikamoo, mama." Nikasema marahaba, nikaushika mkono ule kama wa mgeni, kwa sababu ndivyo alivyoutoa.

Wifi na mimi tulikumbatiana mpaka mizigo ikaanguka. Nilimwomba radhi njiani. Akasema mizigo ni mizito, nipokee begi badala ya kuomba radhi.

Nyumbani mama aliimba, alimgusa mtoto kila mahali, alimlisha kama anayenoneshwa. Yeye alijibu ndiyo bibi, hapana bibi, ahsante bibi. Maneno machache. Wanarudi Jumatatu, wifi ana kazi. Siku nzima nilikuwa naye chumba kimoja na bado namtamani kama nilivyomtamani simuni. Sikujua inawezekana.

Alasiri nilikuwa naanua nguo uani. Alitoka, akasimama nyuma ya shuka lililotundikwa, naona miguu yake tu. Nikaendelea kukunja. Akaja upande wangu, akanitazama kifuani, si usoni.

Akasema, "Vuta pumzi."

Nikaziweka nguo chini. Akanisogelea akabandika sikio lake hapa, juu kidogo ya moyo, mkono mmoja amenishika mgongoni nisisogee. Nikavuta, nikatoa. Alisikiliza amekunja uso, kama daktari mwenye mashaka.

"Tena," alisema.

Nikavuta tena.